Zamu ya Eliseo

Maji yalipoingia katika chumba cha chini cha Bibi Refugio hayakupiga hodi. Hayakupita mlangoni wala kwenye kidirisha. Yalitoka sakafuni taratibu, kama jasho linavyotoka kwenye ngozi, na bibi alipoteremka asubuhi kuchukua chupa ya pichi alizohifadhi wakati wa kiangazi, malapa yake yakalowa.

Hakushtuka. Alisimama kwenye ngazi ya mwisho, akatega sikio. Kisha akapanda juu, akachemsha kahawa, na kwa mara ya kwanza tangu mumewe azikwe akatoa vikombe viwili.

Delfina, mjukuu wake, aliviona vikombe hivyo jioni alipopita kumjulia hali. Hakuuliza. Hakuwa mtu wa kuuliza. Tangu utotoni maneno yalimkwama kooni, na mengi aliyotaka kuyasema aliyasema akiwa peke yake ndani ya gari, akirudi kwake. Lakini maji yale alijua yametoka wapi. Kuyajua ndiyo ilikuwa kazi yake.

Chini ya mashamba ya bonde lile la mto Platte kuna kokoto tupu, na ndani ya kokoto kuna maji yanayotembea, polepole, usiku na mchana, yakielekea mtoni. Kampuni ikishachimba kokoto, shimo linalobaki huuzwa kwa mji ili liwe bwawa la akiba. Ila maji yale ya chini yana wenyewe, na shimo haliruhusiwi kuyanywa. Kwa hiyo kabla ya kuchimba, kampuni ilizungushia eneo lote ukuta wa udongo mfinyanzi, ukazikwa kuanzia kwenye mizizi ya majani hadi kwenye mwamba. Ukuta huo hauonekani. Ng'ombe hulala juu yake. Lakini maji yanaujua. Yalikuja kwa njia yao ya siku zote, yakaukuta, yakasimama. Na maji yakikosa pa kwenda hupanda.

Nyumba ya Bibi Refugio ilikuwa upande ambao maji yalipanda. Upande wa pili wa bwawa, ambako maji hayakufika tena, kulikuwa na shamba la Mzee Hamada.

Kampuni haikuwa imelisahau jambo hilo. Ilizika bomba lenye matundu upande wa juu, ili liyapokee maji, liyazungushe kando ya ukuta na kuyarudisha ardhini upande wa chini. Koki ya bomba hilo ilikuwa kwenye kona ya shamba la bibi, ndani ya kishimo chenye kifuniko cha chuma. Huku na huku yalisimikwa mabomba membamba ya kupimia, na kazi ya Delfina ilikuwa kuyazungukia, kuteremsha utepe ndani ya kila moja, na kusubiri. Ncha ya utepe ikigusa maji, hulia kama kifaranga.

Mwezi wa kumi ule, ilikuwa ikilia mapema mno.

"Koki umeiangalia?" Wendell, msimamizi wake, alimuuliza.

"Iko wazi. Bomba linatiririka vizuri tu."

"Sasa maji yanatoka wapi, Delfina? Mvua hakuna. Mifereji imeshafungwa. Au mnayaombea huko kwenu?"

Delfina alitabasamu kwa adabu, akaangalia viatu vyake. Kila asubuhi aliikuta koki wazi. Kila asubuhi maji yalikuwa yamepanda.

Kisha ukuta wa chumba cha chini ukafanya ufa. Shangazi Lorena, binti mkubwa wa bibi, alikuja kutoka mji wa Pueblo, akateremka ngazi mpaka maji yalipoanzia, akaupiga picha ufa ule kwa simu, akarudi jikoni akiwa ameshaamua.

"Mama, Jumapili nakuja na gari. Kama chini hakujakauka, tunaondoka wote."

"Utaondoka na nani?" Bibi alikuwa akigeuza tortila, chapati za mahindi, kwa vidole, bila kijiko, kana kwamba moto haumhusu. "Mimi nina mgeni."

"Mgeni gani tena?"

"Kula kwanza. Umekonda."

Nje, kwenye gari, Lorena alimshika Delfina mkono. "Tukimtoa hapa hamalizi mwaka. Wewe unajua, mimi najua. Lakini nyumba ikimwangukia usingizini nitajibu nini? Wewe ndiye uliyesomea maji. Yatoe."

Delfina akaitikia kwa kichwa. Kila alilotaka kusema lilikuja baadaye, gari lilipokwisha kuingia barabarani na kupotea katikati ya malori ya viazisukari.

Aliporudi ndani alimkuta bibi ameketi kwenye ngazi za chumba cha chini, mlango wazi, gizani.

"Nikuambie kitu hutanicheka?"

"Sikucheki, bibi."

"Babu yako amerudi."

Delfina akaketi kando yake.

Eliseo, marehemu babu yake, alikuwa mtu wa mfereji. Maisha yake yote alimwagilia mahindi na viazisukari kwa zamu, na zamu yake ilikuwa ya usiku. Alfajiri, kabla ya kuingia ndani, aligonga koleo kwenye ngazi ya mlango kulitoa tope: mara mbili, akatulia, mara moja. Bibi akiwa kitandani alisikia, akajua mtu wake amerudi mzima, akaamka kuweka kahawa.

Na kabla ya kufika kwake aligonga vilevile kwingine. Zamu iliyofuata yake ilikuwa ya Hamada, na hao wawili hawakupatana hata siku moja. Waligombania maji, waligombania mpaka, waligombania hata mbwa. Lakini wakati ukifika, hata mahindi yake yakiwa bado yana kiu, Eliseo alifunga lango lake la mfereji, akatembea hadi kwa Hamada, akagonga koleo kwenye ngazi, akasema, "Maji ni yako." Na Hamada, hata kama jua lilikuwa bado halijachungulia, alimjibu, "Umechelewa." Basi. Hawakuwa na maneno mengine. Katika bonde lile mtu husamehewa mengi, lakini si kukaa na maji ya mwenzake zamu ikishapita.

"Nyamaza umsikie," bibi akanong'ona.

Chini, maji yalikuwa meusi kama kioo cha dirisha usiku. Yalinuka udongo wa zamani. Delfina akasikiliza, akausikia moyo wake tu. Halafu, kutoka mahali fulani chini ya sakafu ya jiko, ikasikika: ko, ko. Kimya. Ko.

Nywele zikamsimama. Bibi akamfinya goti, mwenye furaha kama msichana anayesubiriwa nje.

"Si unasikia?"

"Nasikia, bibi."

Bibi alipoingia chumbani kusali rozari yake, Delfina alichukua tochi akateremka. Aliona haya kufanya hivyo, kama mtu anayempekua mgeni mifuko. Mwanga ukapita juu ya maji, ukakuta chupa tupu za bibi, zile za kuhifadhia matunda, zimeelea zimejikusanya chini ya ngazi. Zilikuwa zikigusana na kugusa mbao. Basi ni hizo, akajiambia. Akaingia majini, baridi ikamuuma mpaka mifupani, akazitoa zote moja moja na kuzipanga juu jikoni, nyuma ya pazia, ambako bibi asingeziona na kuuliza. Hakuwa na nia ya kumwambia. Alitaka tu kujua.

Kwenye msumari kando ya mlango zilining'inia gambuti za babu, kama zilivyokuwa siku zote. Delfina alizigusa akipita. Zilikuwa zimelowa. Tope la kwenye visigino lilikuwa bichi.

Akasimama hapo akiwa ameshika kiatu cha marehemu. Nyuma yake, chini kwenye maji ambayo sasa hayakuwa na kitu, ikagonga tena. Mara mbili. Mara moja.

Alifunga mlango ule taratibu, kwa heshima, kisha akakimbia hadi kwenye gari.

Kesho yake alipima mabomba ya upande wa chini. La mwisho lilikuwa uani kwa Mzee Hamada. Aliteremsha utepe, akateremsha, akateremsha, na ncha haikulia. Mzee mwenyewe alitoka bandani akisukuma mkokoteni wenye madumu ya maji, mgongo umepinda kama ndoana.

"Usijisumbue, binti. Humo ndani hata chura hayumo."

"Kisima chako je, mzee?"

"Kinatoa mchanga. Naogea maji ya dukani kama mfalme." Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Kuku wanakunywa kwanza, mimi nafuata, vitunguu vinasubiri mbinguni. Bomba lenu lilikuwa linaleta, halafu likaanza kuleta kidogo, kidogo. Mchana nasikia linakuja. Usiku kimya."

"Usiku?"

"Usiku kimya kabisa. Angekuwepo Eliseo ningejua wa kumgombeza. Sasa nimgombeze nani, bomba?"

Delfina alikunja utepe wake. Jioni hiyo hakuondoka kama kawaida. Alimuaga bibi, akalipeleka gari nyuma ya banda la majani makavu, akarudi kwa miguu hadi kwenye uzio. Miti mikubwa ya kando ya mto ilikuwa imegeuka njano, na ukungu ulikuwa umeanza kuinuka kutoka ardhini, kwa sababu ardhi yenyewe ilikuwa imeloa. Jua lilikuwa likizama nyuma ya milima.

Ndipo akamwona.

Alikuwa akija kupitia shambani, kofia ya babu kichwani, gambuti za babu miguuni, koleo begani. Alitembea kama babu alivyotembea, akitafuta kwa kisigino pale penye ardhi ngumu. Ukungu ulimkata magoti. Delfina alishika waya wa uzio kwa mikono miwili, wala hakusikia ulivyomchoma. Alitaka kuita na hakujua aite jina gani.

Yule mtu akafika kwenye kona, akaingiza ncha ya koleo chini ya kifuniko cha chuma, akakiinua. Akainama. Akakohoa.

Kikohozi kilikuwa cha bibi.

"Bibi."

Bibi Refugio aligeuka. Hakuonyesha haya wala hofu. Alimtazama tu kama mtu aliyekutwa kazini kwake.

"Umenishtua mpaka nimeingiza tope kwenye gambuti," alisema. "Shika tochi, basi, uwe na faida."

"Unafanya nini hapo?"

"Nafunga lango. Jua likizama nafunga, likichomoza nafungua. Zamu ya usiku ni ya Eliseo. Ulikuwa mdogo, lakini hilo unalijua."

Koki ilikuwa ngumu, na bibi aliikaza kwa uzito wa mwili wake wote, kwa mikono ileile iliyogeuza tortila. Delfina akakumbuka kila asubuhi aliyoinama juu ya kifuniko kile na kuridhika.

"Bibi, maji ndiyo yanapasua ukuta. Shangazi anakuja Jumapili."

"Aje."

"Atakuchukua."

"Mwanangu, sikiliza." Bibi akaegemea koleo. "Niliishi humo ndani na kimya tangu tulipomzika. Unajua kimya? Unaweka redio, unaweka maharage motoni, unaongea na paka, bado kiko palepale kinakutazama. Halafu usiku mmoja nikaifunga hii koki, ili maji ya zamu yake yabaki kwetu, na maji yakaja na yeye akaja nayo. Usiku wa kwanza wa baridi niliiacha wazi, maji yakashuka, nikalala nisisikie kitu. Hata mlio mmoja. Ndiyo nikajua. Yeye hufuata maji. Sasa wewe unataka niyaachie yaende wapi? Bwawani kwao? Wale matajiri wa mjini wana maji ya kuchezea mitumbwi. Mimi nina haya tu."

Hapo ndipo Delfina alipong'amua, na lilimjia kwa uchungu hata akasahau kuona haya.

"Hayaendi bwawani, bibi."

"Yanaenda wapi?"

"Bomba linazunguka. Linamwaga upande wa chini. Kwa Mzee Hamada." Akameza mate. "Kisima chake kimekauka. Anabeba maji kwa mkokoteni. Nimemwona leo."

Ukungu ulikuwa umewafika kiunoni. Mahali fulani shambani ndege mmoja alilia, akaacha.

"Unaniambia," alisema polepole, "kwamba Eliseo amekaa na maji ya Hamada."

Delfina akaielekeza tochi kwenye koki.

"Zamu imepita na bado ameyashikilia. Mimi nimemshikia." Mkono ukaenda mdomoni. "Mungu wangu. Na mimi nilidhani anagonga ili aingie."

"Bibi..."

"Hakuwa anagonga aingie, mwanangu. Alikuwa anagonga nimfungulie atoke. Kila usiku amesimama humo chini na koleo lake anaona haya, na mimi mpumbavu namwekea kahawa."

Akainama. Safari hii alimwachia Delfina nafasi kando yake. Waliizungusha koki pamoja kuifungua, mikono juu ya mikono, mpaka chini ya miguu yao ardhi ikaanza kuvuma kwa sauti nzito, kama mtu aliyebana pumzi kwa muda mrefu akaiachia.

"Twende," bibi akasema.

"Tutampigia simu kesho, kumekuwa giza."

"Simu? Maji hayakabidhiwi kwa simu. Washa gari."

Kwa Hamada taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Bibi alikataa kushikwa mkono. Alitembea peke yake kuvuka ua, gambuti zikimpwaya, akasimama mbele ya ngazi, akainua koleo. Aligonga mara mbili. Akatulia. Akagonga mara moja.

Ndani, kiti kilisukumwa. Ilichukua muda mlango kufunguka. Mzee Hamada alisimama hapo na kijiko mkononi, uso wake hauna rangi, akaitazama ile kofia, akalitazama koleo.

"Maji ni yako," bibi alisema.

Mzee aliiona sura iliyokuwa chini ya kofia. Akavuta pumzi.

"Umechelewa," alisema, na machozi yakamtiririka, naye akayaacha.

Usiku huo Delfina alilala kwa bibi yake, chumba alicholala alipokuwa mtoto. Hapakuwa na kitu cha kusikia. Alimsikia bibi akigeuka kitandani, akigeuka tena. Alitaka kwenda kumshika mkono na hakwenda, kwa sababu kuna vilio ambavyo mtu hapendi kuingiliwa.

Maji yalishuka kama yalivyokuja, bila kelele. Yaliacha mstari wa tope ukutani na harufu iliyokaa. Lorena alipofika Jumapili aliteremka ngazi, akapiga sakafu kwa kisigino, akamtazama Delfina, akamkumbatia mpaka mbavu zikamuuma. Watu wa kampuni walikuja kuziba ufa. Delfina alikuwa amemweleza Wendell ukweli, kwa sentensi fupi alizozifanyia mazoezi garini, na Wendell alikuna shingo, akasema weka kufuli kwenye kile kifuniko, tusiongee tena.

Delfina aliweka kufuli. Ufunguo mmoja alimpa bibi. Bibi aliuweka kwenye sahani iliyo mbele ya picha za watakatifu na hakuugusa.

Alikuwa amepungua. Alitoa kikombe kimoja tu asubuhi. Akaweka redio, akaweka maharage motoni, akaongea na paka. Delfina alianza kufikiri kwamba amemwokolea nyumba na kumwachia kimya ndani yake, na wazo hilo lilimfuata kutoka bomba moja la kupimia hadi jingine, kila aliposubiri utepe ulie.

Siku moja baada ya theluji ya kwanza, Mzee Hamada alikuja na gunia la kabichi. Hakuwa amewahi kuingia jikoni mle. Aliketi ukingoni mwa kiti, kofia magotini.

"Kisima kimejaa," alisema.

"Vizuri," bibi akajibu. "Kabichi zako zina wadudu."

"Ni wadudu wazuri." Akageuza kofia. "Jirani, nina swali, na huyu binti asinione nimechanganyikiwa. Wewe huwa unakuja kwangu alfajiri?"

Bibi aliacha kukata kitunguu.

"Mimi nije kwako alfajiri kufanya nini, mzee mzima?"

"Ndicho nilichosema. Njia yote ina theluji na haina alama ya mguu. Lakini kuna mtu anagonga." Akaunyoosha mkono, akagonga meza kwa kifundo cha kidole. Mara mbili. Akatulia. Mara moja.

Sufuria ilikuwa ikichemka. Hakuna aliyeinuka kuipunguzia moto.

"Ulifungua?" bibi aliuliza.

"Nilifungua. Hapakuwa na mtu. Ngazi ilikuwa na tope kidogo, bichi." Alicheka kwa aibu. "Nikasema 'Umechelewa.' Ni mazoea. Halafu nikaona vibaya. Miaka yote ile sikuwahi kumwambia asante. Nikamwambia."

Bibi Refugio aligeukia dirisha. Delfina aliuona mgongo wake tu, na mabega yaliyotetemeka, na hakujua kama analia mpaka alipomsikia anacheka, cheko la chinichini, la mtu aliyechokozwa na anayempenda.

"Kumbe yuko kazini," alisema. "Na mimi nakaa hapa nadhani ameniacha."

Akajifuta macho kwa aproni. Akateremsha vikombe kabatini, akavimiminia kahawa: cha Hamada, cha Delfina, chake. Kisha akateremsha kingine, kile chenye mkono uliovunjika kidogo, akakijaza, akakiweka upande wa meza ulio karibu na mlango.

Mzee Hamada, mtu wa sukari nyingi, akanyoosha mkono kukivuta.

"Hicho si chako," bibi akamwambia.

Mzee akaurudisha mkono magotini. Wakanywa wote, wakiongea habari za kabichi na theluji, na kikombe kile kikafuka mvuke upande wa mlango mpaka kikapoa.